Mbeya mpaka Mafia na familia, na kuzamia kidogo: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu turudi kutoka kisiwa cha Mafia mwezi wa 12 sina raha jamani. Saluni Mwanjelwa naulizwa, kanisani naulizwa, juzi nipo Uyole nanunua viazi mwenye viazi kaacha kupima debe ananiuliza eti ni kweli mlilala chini ya bahari. Hatukulala. Tulikuwa watu saba: mimi, mume wangu, watoto watatu (14, 11 na 7), mama mkwe wangu na shemeji yangu, mdogo wake na mume. Waliozamia na mitungi ni wanne tu. Naandika hapa majibu yote sehemu moja ili mkinikuta sokoni tuongee mambo mengine.

Kwanini Mafia na sio Zanzibar?

Zanzibar ni pazuri, sijapakataa. Ila sisi tulitaka sehemu ambayo watoto hawavutwi mkono kila hatua kununua kitu, na shemeji alikuwa anataka matumbawe. Mafia ndio kwenye hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995, ina kama kilomita za mraba 822, na watu wanaishi humohumo ndani ya hifadhi, wanavua, wanalima minazi. Sehemu ya kuzamia ni ghuba ya Chole, imezungukwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, kwaiyo hata kukiwa na upepo nje, ndani mle bahari haichafuki sana. Kwa mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ziwa Nyasa hilo ni jambo kubwa.

Na ndio, jina ni Mafia. Mtoto wa mwisho alimwambia mwalimu wake "tunaenda kwa Mafia" nikapigiwa simu.

Tunafikaje kutoka huku kwetu?

Kwanza mnafika Dar. Basi kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, ni kutwa nzima au usiku mzima, mnajua wenyewe. Kama mna wazee kuna ndege kutoka uwanja wa Songwe, au treni ya TAZARA kama hamna haraka. Wengine siku hizi wanashuka Morogoro wanamalizia na SGR kukwepa foleni ya kuingia Dar, sio wazo baya ukiwa na watoto.

Kutoka Dar kuna njia mbili. Ya kwanza ndege ndogo, kama nusu saa hivi umeshatua Kilindoni, mji wa Mafia. Ila mizigo ni kilo 15 kwa mtu na wanataka begi laini, sio lile sanduku la magurudumu. Ya pili ni barabara ya Kilwa mpaka Nyamisati, magari yanaanzia Mbagala Rangi Tatu, afu hapo mnapanda pantoni, MV Kilindoni, au boti nyingine. Baharini ni kama masaa manne, na saa ya kuondoka inafuata maji, maana Nyamisati ipo ndani kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, maji yakitoka chombo hakitoki. Kwaiyo usimwambie mtu "tutafika saa sita kamili". Ulizia siku moja kabla, na ulizia tena asubuhi.

Sisi tulienda kwa pantoni tukarudi kwa ndege, na hiyo ndege ya kurudi ndio ilileta mjadala nitakaousimulia huko chini.

Pale Nyamisati mbu ni wengi. Watoto wetu wa Mbeya mjini, na nyie wa Makete na Njombe ndio kabisa, malaria hawajaizoea, mwili hauna kinga. Mikono mirefu, dawa ya kujipaka, na mkifika kwenye chumba cha kwanza kuangalia ni chandarua sio televisheni. Mkirudi mtoto akipata homa hata wiki mbili baadaye mwambie daktari mlikuwa pwani, maana huku kwetu anaweza akadhani mafua.

Aside kidogo kwa wapenda historia kama mume wangu: hiyo delta ndio Wajerumani walipoificha manowari yao Königsberg vita ya kwanza, Waingereza wakarusha ndege kutoka Mafia kuitafuta, wakaimaliza Julai 1915. Alitusimulia hiyo masaa yote manne.

Twende mwezi gani?

Likizo ya Desemba, bila kufikiria mara mbili. Shule zimefungwa, upepo ni kaskazi, maji yana joto na yanaonesha vizuri, na papa potwe wapo karibu na Kilindoni, wao msimu wao ni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Likizo ya Juni ni kusi, upepo mkali, nje ya ghuba kunachafuka, ila ndani ya ghuba watu wanazamia, na ndio miezi ya kuona kasa wachanga wanatoka mchangani kule Juani. Aprili na Mei ni masika, sehemu nyingi za kulala zinafunga kabisa.

Jambo moja la Juni: huku kwetu ndio baridi, kila nyumba ina mafua. Ukienda na mafua huzamii. Nitaeleza.

Sijui kuogelea. Naweza kuzamia?

Kuna vitu viwili watu wanachanganya. Kuna snokeli, unaelea juu na miwani na kabomba ka kupumulia, uso ndani ya maji. Na kuna skuba, unashuka chini na mtungi. Ile siku ya kujaribu skuba, ambayo hupati cheti, instrakta anakuwa na wewe muda wote karibu kukushika, na kikomo ni mita 12. Ukitaka cheti chenyewe cha mwanzo cha PADI, wale wanaotoa vyeti vya kuzamia, wanakutaka uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika 10, afu ni siku tatu nne za masomo na mizamo minne baharini, na ukimaliza unaruhusiwa mpaka mita 18.

Mimi naogelea kama kuku, nawaambia ukweli. Nilifanya ile ya siku moja. Cha kwanza nilichofundishwa sio kuogelea, ni kupumua. Usibane pumzi, kamwe, hasa ukipanda, maana hewa ya kwenye mapafu inatanuka unavyopanda na ukiwa umeibana inaweza kupasua pafu. Instrakta aliirudia hiyo kama mara nane hivi, mpaka nikamwambia kaka nimeelewa, akasema wote wanasema hivyo. Na kweli nilipofika chini, mita tatu tu, miwani ikaingia maji, kitu cha kwanza mwili wangu ulifanya ni kubana pumzi. Akanishika bega, akanionesha kidole puani, nikapuliza kwa pua kama tulivyofanya juu, maji yakatoka. Baada ya hapo nikamuona chewa mkubwa kuliko mtoto wangu wa mwisho amekaa tu chini ya jabali ananiangalia, sura kama mwenyekiti wa kikao.

Watoto wanaanzia umri gani?

Miaka 8 wanaweza kujaribu mtungi kwenye bwawa au maji ya kina kifupi, mwisho mita 2. Miaka 10 wanaweza kwenda baharini, na wa 10 na 11 mwisho wao ni mita 12 hata wakiwa na cheti, na lazima awepo mzazi mwenye cheti au mtaalamu. Wa kwangu wa 14 na wa 11 walizamia. Wa miaka 7 alipewa snokeli na aliona samaki wengi kuliko sisi kwasababu alikataa kutoka kwenye maji.

Usimlazimishe mtoto ili upate picha. Tulikutana na baba mmoja pale anamfokea mtoto anayelia na mtungi mgongoni, divemasta, yule anayeongoza wazamiaji, akamvua yule mtoto vifaa taratibu akamwambia mzee leo hatuendi. Nilimpenda sana yule kijana.

Masikio yanauma?

Yanauma usipoyasawazisha. Nyie mnaopanda basi mnajua tayari: mkishuka mlima Kitonga masikio yanaziba, unameza mate, yanafunguka. Ndio kitu hichohicho, ila majini kinakuja haraka. Unabana pua unapuliza taratibu, na unafanya KABLA hayajauma, kila mita moja hivi, sio ukisikia maumivu ndio uanze.

Ngoja niwaoneshe ukubwa wake. Tulipotoka Mbeya kijana wangu alikunywa maji, akafunga chupa tupu kwa nguvu akaitupa chini ya kiti. Kufika Dar ile chupa imebonyea mbavu zote kama imekaliwa na mtu. Hewa ya Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, ina mgandamizo wa kama asilimia 82 ya ule wa Dar, ndio maana Dar iliikandamiza. Sasa sikia: safari yote hiyo, masaa kumi na mangapi, mabadiliko yake ni sawa na kushuka mita mbili tu za maji. Mbili! Mita 10 za maji zinakupa mgandamizo mara mbili ya juu. Kwaiyo ukishuka mita mbili za kwanza baharini sikio lako limepita Mbeya mpaka Dar ndani ya sekunde kadhaa. Ndio maana mwenye mafua haruhusiwi, mirija imeziba, hewa haipiti, ngoma ya sikio inaweza kutoboka. Na usinywe dawa ya mafua ili uzamie, inaweza kuisha nguvu ukiwa chini ukashindwa kupanda vizuri.

Eti ni kweli ukizamia hairuhusiwi kurudi Mbeya?

Hili ndio swali lenyewe, na ndio sababu hasa nimeandika. Unarudi, ila sio siku hiyo.

Wote tumesikia kwamba ukizamia usipande ndege. Ambacho watu hawasemi ni kwamba sisi huku juu TUNAKAA kwenye ndege. Ndani ya ndege kubwa hewa inawekwa kama uko mita 1,800 mpaka 2,400 juu. Mbeya ni 1,700, Iringa kama 1,550, Njombe na Mafinga zaidi, Kitulo inapita 2,600. Mtu wa Dar akishazamia anarudi kwake kwa daladala hana shida. Sisi kurudi nyumbani ni kupaa, hata ukipanda basi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukiwa chini na mgandamizo mkubwa, naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inayeyuka kwenye damu na mwilini. Ukipanda taratibu na ukikaa usawa wa bahari inatoka kidogo kidogo kwa pumzi, huioni. Ukiharakisha kwenda juu inatoka kama mapovu. Wa Iringa mtanielewa nikisema dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi: ukilegeza mfuniko pole pole linatoa fsss linanyamaza, ukilifungua kwa pupa linakumwagikia mpaka kwenye viatu. Sasa mapovu hayo yawe kwenye kiungo, au kwenye uti wa mgongo.

Muda wa kusubiri ambao DAN, wale wa usalama wa wazamiaji, wanaushauri kabla ya kwenda juu ya mita 610 hivi ni huu: mzamo mmoja tu, angalau masaa 12. Ukizamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo, angalau masaa 18. Na ukizamia ile mizamo ya kusimama njiani kwa muda mrefu kabla ya kutoka, zaidi ya hapo sana. Sisi tulifanya masaa 24 na zaidi, kwa wote, hata mimi wa mara moja, kwasababu hakuna aliyekuja na haraka kuliko mwili wake.

Shemeji alikuwa na haraka. Tulikuwa na ndege ya Jumamosi mchana, Mafia Dar, afu jioni hiyohiyo Songwe. Yeye alitaka azamie Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, "mara moja tu ya mwisho". Divemasta, kijana wa palepale kisiwani, akauliza mnakaa wapi. Mbeya. Akauliza Mbeya iko juu kiasi gani. Hakuna aliyejua! Watu wazima sita, sorry, wanne, tumekaa Mbeya maisha yetu yote. Shemeji akatoa simu akatafuta, 1,700. Yule kijana akahesabu kwa vidole, Ijumaa jioni mpaka Jumamosi mchana, akasema bro Alhamisi ndio mwisho wako, Ijumaa nenda kaangalie popo. Na tukaenda kuangalia popo.

Shemeji alinuna mpaka usiku ndio akatueleza kitu. Mwaka juzi alizamia mara mbili asubuhi karibu na Dar, jioni akapanda basi la usiku. Mpaka Morogoro mzima, Morogoro ni mita 500 tu. Mikumi mzima. Gari ilipomaliza kupanda Kitonga bega la kulia likaanza kumuuma ndani kabisa, kama amebeba gunia, halikai vizuri kwa namna yoyote. Akasema ni kiti. Alifika Mbeya akalala, kesho yake likapungua, hakumwambia mtu. Mpaka leo hajui ilikuwa kiti au naitrojeni, na waliomzamisha siku ile hawakumuuliza anarudi wapi.

Kwaiyo, wewe wa huku juu, ukifika kituo cha kuzamia usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: naishi mita 1,700 na narudi siku fulani kwa usafiri fulani. Na kama baada ya kuzamia, hata kesho yake, unasikia viungo vinauma, ganzi, vipele vinavyowasha, kizunguzungu, uchovu usioeleweka, miguu haina nguvu, usijipe moyo kwamba ni kiti. Nenda hospitali, tamka neno "nimezamia na mtungi", wakupe oksijeni wakati wanatafuta chemba, na usiendelee kupanda milima. Tiba yenyewe ni hiyo chemba, chumba kinachoongezwa mgandamizo wa hewa, na Mbeya hatuna, ndio maana kituoni waulize mapema ya karibu ni ipi na watakufikishaje.

Wanaotumia pantoni kurudi wana nafuu kidogo, Nyamisati na Mbagala na foleni vinakula masaa mkiwa bado chini, ila havitoshi peke yake, hesabuni yale masaa vilevile. Ndege ndio inadanganya.

Na kwenda? Kushuka kutoka Mbeya kuna shida?

Hakuna. Kushuka sio tatizo. Lala kwanza tu, safari imekuchosha na mchovu hazamii vizuri.

Papa hawali watu?

Papa potwe ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, na anakula vitu vidogo vidogo vinavyoelea, anakunywa bahari kama uji na kuichuja. Mnaenda na boti asubuhi kutoka Kilindoni, mnaingia na snokeli, sio mitungi. Hamshiki, hamkai mbele yake, hampigi picha na flashi. Tuliingia, nikatumbukiza uso, sioni kitu, kijani kijani tu, nikageuka kumuuliza mume wangu yuko wapi, afu chini yangu pakaanza kupita madoa. Meupe, mstari, mstari, madoa. Yakaendelea kupita. Nilihesabu mpaka nikaacha, mkia bado haujafika.

Mtoto wa mwisho aliogopa akabaki kwenye boti, na hakuna aliyemcheka.

Nani asizamie kabisa?

Mjamzito, hata wa mwezi mmoja, anabaki juu na snokeli. Mwenye pumu, kifafa, moyo, sukari, aliyefanyiwa oparesheni ya kifua au sikio karibuni, anaenda kwa daktari kwanza. Watakupa fomu ya maswali ya afya, na hapa ndio Watanzania tunajaza "hapana" mstari mzima kama tunasaini risiti. Jaza kweli. Kama jibu ni ndio, daktari asaini, kwaiyo chukua hiyo fomu mapema ukiwa bado Mbeya, usije kuanza kutafuta daktari Kilindoni siku ya likizo.

Na aliyekunywa jana asubirie leo. Shemeji, nakuangalia.

Tunaweza kufanya mazoezi Matema kwanza?

Kuogelea na snokeli, ndio, na nashauri. Watoto wangu walijifunzia Matema na Jumamosi chache za bwawa la hoteli mjini. Samaki wa ziwa Nyasa wale wa rangi rangi ni wazuri, ukikaa kwenye mawe upande wa milima ya Livingstone unawaona bila hata kwenda mbali. Kaa mbali na midomo ya mito, mamba wapo, waulize wenyeji, na kumbuka kichocho, hasa kwenye majani na maji yaliyotulia.

Ila maji baridi na maji chumvi sio sawa. Chumvi inakuelesha zaidi, mtu wa kilo 70 anahitaji kuongezewa kama kilo mbili za vyuma vya risasi kiunoni ili ashuke. Usije ukashangaa Matema unazama vizuri afu Chole unaelea kama kifuu.

Mama mkwe alifanya nini wiki nzima?

Alikaa kwenye kivuli cha mkungu anaangalia maji. Yeye amekulia Kyela, mawimbi anayajua, lakini kitu kimoja kilimsumbua. Siku ya pili asubuhi kaniita, "Gwe mwanangu, njoo uone, maji yameondoka." Yalikuwa yamekupwa, boti zimelala kwenye matope, akina mama wanatembea huko mbali na ndoo wanatafuta pweza. Mchana yakarudi. Akafikiria akasema, "Ziwa letu haliendi popote. Hili linaondoka asubuhi linarudi mchana, kama mwanaume mwenye nyumba mbili."

Siku ya Chole alikuja na sisi. Popo wa pale ni wakubwa, wanakula matunda, wananing'inia mchana kutwa kwenye miti kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Kuna na magofu ya Wajerumani, walikaa hapo kabla ya kuhamia Kilindoni, sasa mizizi imeyashika kuta zote. Juani kuna magofu ya mji wa Kua, hayo aliyakataa, kupanda na kushuka kwenye mashua mara moja kwa siku inatosha.

Hela ngapi?

Inategemea sana mnalala wapi, kwaiyo nawapa mpangilio, bei ulizeni siku hiyohiyo. Kinachowashtua watu ni kiingilio cha hifadhi, kinalipwa getini kuelekea Utende, kijiji cha kwenye ghuba ya Chole mnapozamia, na kinahesabiwa kwa siku, kila mtu. Raia analipa kidogo kuliko mgeni, KWA HIYO BEBA KITAMBULISHO CHA NIDA. Sisi mume wangu aliacha yake nyumbani kwenye suruali nyingine, tukasimama pale getini dakika arobaini.

Kulala Kilindoni mjini ni rahisi zaidi, mnaenda Utende kwa bajaji au bodaboda siku ya kuzamia tu, na hapo mnapunguza siku za kiingilio. Skuba ndio ghali kuliko vyote, ndio maana tulizamia wanne na siku chache. Kuna jamaa tulimtumia advansi ya boti kwa simu kabla ya kufika, tulipofika namba haipatikani. Lipeni mkishaona boti.

Beba keshi ya kutosha.

Nguo na vitu vidogo?

Kisiwa kina Waislamu wengi, ufukweni vaa unavyoogelea ila mjini jifunge kanga, dera ndio rafiki. Mfuko wa plastiki usibebe, ulishapigwa marufuku 2019. Yeboyebo kwa kila mtu, kwenye mawe kuna vile vinyama vyeusi vya baharini vyenye miiba mirefu, ukikanyaga siku imeisha. Tisheti ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, maana migongo yetu ya Mbeya haijui jua lile, mume wangu alibabuka akalala kifudifudi siku mbili. Maji yenyewe ni nyuzi 25 mpaka 29, watakupa wetsuti nyembamba, usiikatae, chini ukikaa dakika arobaini unatetemeka.

Wa kutapika: tangawizi, na kaa katikati ya chombo uangalie mbali, sio kwenye simu. Vidonge vinamezwa kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika umechelewa.

Zawadi kwa wenyeji: tulibeba parachichi na mchele wa Kyela. Mchele ulifungua milango ambayo hela haifungui.

Tunaweza kurudi na makombe na matumbawe?

Hapana, ndani ya hifadhi hauchukui kitu, hata kilichokufa. Kijana wangu alificha kakombe kwenye soksi, kakaanza kutembea usiku. Kumbe ndani alikuwa kaa. Tukakarudisha asubuhi na tochi, mama mkwe anasimamia.

Samaki wa sokoni mnaweza, mkiwa na kuli boksi na barafu, ila kwenye ndege ndogo zile kilo 15 zinajumlisha na samaki.

Shemeji bado anazamia?

Anazamia. Mwezi wa pili alienda tena, peke yake, na safari hii alirudi na TAZARA. Alizamia mara ya mwisho siku mbili kabla treni haijaondoka. Anasema baada ya Mlimba, treni ilipoanza kuingia kwenye mahandaki ya kupanda Makambako, alikaa ameshika bega lile la kulia njia nzima. Halikuuma.